Shosho Yangu Hajalewa, Wacha Kupiga Honi

Wasee, leo sina vichekesho. Nimekasirika na nitaandika hivyo hivyo nikiwa nimekasirika.

Juzi nilikuwa navuka Jogoo Road na shosho yangu. Tulikuwa kwa zebra, penye sheria inasema tuvukie. Gari ya kwanza ikasimama, tukaanza kutembea. Tukifika katikati, miguu yake ikaganda. Sio ati alichoka au alibadilisha mawazo. Iliganda kabisa, kama imeshikwa na gundi kwa lami, na mwili wa juu bado unataka kuenda.

Honi zikaanza. Makanga fulani akatoa kichwa kwa mlango wa mathree akauliza, "Shosh, kwani umekunywa ngapi asubuhi yote hii?" Abiria wakacheka. Halafu nduthi ikachomoka kando ya gari iliyokuwa imesimama, ikapita karibu ikanyage vidole vyake.

Shosho yangu hajawahi kuonja pombe maisha yake yote. Ako na Parkinson.

Kwa wale hawaijui: ni ugonjwa wa ubongo. Chembe zinazotengeneza dopamini, kitu ambacho ubongo hutumia kuongoza mwili utembee vizuri, zinakufa polepole. Sio uchawi na sio laana. Daktari wa Uingereza anaitwa James Parkinson aliuandika tangu 1817. Na kabla useme ni mambo ya wazee, Michael J. Fox, yule muigizaji, aliambiwa ako nayo akiwa na miaka 29. Muhammad Ali, ngumi zote hizo, aliambiwa 1984 akiwa na 42.

Wengi wanajua ile ya mikono kutetemeka. Hii ya miguu kuganda ndio hatuijui, na ndio inaeza kuua mtu kwa barabara. Ubongo unasema "twende", miguu haipati ujumbe, kama simu imepoteza network. Na unajua nini huiongeza? Haraka. Msongamano. Nafasi ndogo. Kugeuka ghafla. Kufanya vitu viwili mara moja, kama kutembea huku ukiangalia kama kuna gari. Hapo nimekuelezea barabara yoyote ya Nairobi saa mbili asubuhi. Kwa hivyo ukipiga honi humharakishi, unamgandisha zaidi.

Kitu kingine: dawa hufanya kazi kwa masaa fulani, halafu nguvu yake inashuka. Ndio maana mtu anaeza kutembea poa saa nne, na saa sita hawezi kuinua mguu. Haigizi. Usiseme "lakini nilimwona jana akiwa sawa."

Sasa hii ndio inanichoma zaidi. Watu wengi wenye Parkinson husaidika na mistari kwa sakafu. Miguu ikiganda, mtu akiangalia mstari mbele yake na kujaribu kuuruka, mara nyingi mguu unainuka. Physio humfundisha mgonjwa mbinu hiyo hiyo. Na zebra ni nini? Ni mistari! Ile ambayo ingemsaidia shosho iko tayari kwa barabara, ama ingekuwa, kama rangi haingekuwa imefifia mpaka unabahatisha penye ilikuwa. Tunajengewa barabara za mabilioni halafu tunanyimwa ndoo ya rangi.

Tupige hesabu kidogo. Barabara ya leni nne ni kama mita 14. Wewe na mimi tukienda mita 1.2 kwa sekunde, ambayo ni mwendo wahandisi hutumia sana kupanga taa za kuvukia, tunamaliza na sekunde 12. Mtu anayetembea nusu ya mwendo huo anahitaji 24, na hapo bado hajaganda. Singapore waliliona hilo. Tangu 2009 wako na taa ambazo mzee au mtu mwenye ulemavu anagusisha kadi, anaongezewa sekunde 3 mpaka 13 kulingana na upana wa barabara. Huku kwetu mzee anaongezewa matusi.

Kuna wenye watasema, "Si apande daraja?" Umewahi kupanda yale madaraja ya Thika Road ukiwa na begi nzito? Sasa panda na miguu inayoganda ukigeuka. Ama mtasema, "Si akae nyumbani?" Hapana. Kutembea na mazoezi ni sehemu ya matibabu yake. Ukimfungia ndani ataharibika haraka. Na Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote pa umma. Hakijasema "kama dereva hana haraka."

Barabara za Kenya zinaua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka, na kundi kubwa zaidi ni watu wa miguu. Tunalaumu serikali, na ni haki, juu rangi, matuta, taa na ile nafasi ya kupumzikia katikati ya barabara ni kazi yao. Lakini yule wa nduthi hakuwa serikali. Alikuwa kijana wa rika yangu. Wale walicheka kwa mathree pia.

Kwa hivyo sikizeni. Gari mbele yako ikisimama kwa zebra, usiipite. Kuna mtu mbele yake humwoni. Ukiona mtu ameganda, zima hio honi na uhesabu mpaka kumi, hautakufa. Ukiwa kwa miguu, usimvute mkono, ataanguka. Simama upande magari yanatoka, inua mkono wayasimamishe, umuulize polepole, "Shosh, nikusaidie aje?" Mwambie hakuna haraka. Mhesabie hatua, ama weka mguu wako mbele ya wake auruke kama mstari.

Hivyo ndio tulivuka juzi. Niliweka kiatu changu mbele ya chake, tukahesabu pamoja, moja, mbili, mguu ukainuka. Tulipofika ng'ambo hakusema kitu kuhusu nduthi. Alisema tu, "Wamefikiria nimelewa." Akanyamaza mpaka nyumbani. Jumapili akasema haendi kanisa, atasikiza kwa redio.

Hilo ndilo mlifanya na honi zenu. Kama uko na namba ya msee wa nduthi ama makanga kwa simu yako, mtumie hii leo.