MBIO NI NJEMA, LAKINI LIVU NI HAKI

Ndugu wafanya kazi,

Jumapili ile wengi wetu tulisimama kando ya barabara tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wengine tumetoka zamu ya usiku na macho mekundu, tukimngoja mwenzetu wa gengi ya njia apite akikimbia. Jina lake hatutalitaja, maana mwenyewe hapendi, lakini kila mtu wa depo yetu amjua. Yeye si mkimbiaji. Kazi yake ni kutembea juu ya mataruma na nyundo begani, na mbio alizozizoea ni za kuukimbilia mshahara mwisho wa mwezi. Lakini siku ile alikimbia kilomita 21. Alifika pamoja na wale wa mwisho, na sisi tukampigia makofi kuliko tulivyompigia mshindi.

Sababu ya mbio hizo ni binti yake. Mtoto huyo alizaliwa kabla ya siku zake kutimia, mimba ikiwa ya wiki 30 tu, na uzito wake ulikuwa kilo moja na robo. Alikaa hospitali siku 44. Katika chumba kile cha watoto wadogo, vitanda vya joto havikutosha, na siku nyingine watoto wawili walilazwa katika kimoja. Baba yake aliyaona hayo, na mtoto wake alipotoka mzima, akasema hawezi kuwasahau waliobaki. Akapitisha kadi ya harambee. Fundi mmoja akaahidi shilingi 10 kwa kila kilomita, karani akaahidi 20, na hata vibarua wakatoa. Haba na haba hujaza kibaba. Fedha zote zilipelekwa hospitali zisaidie kununua kitanda kimoja cha joto.

Hilo ni jambo la sifa, na si geni katika nchi yetu. Tarehe 13 Aprili 2014 Bibi Margaret Kenyatta, mke wa Rais wa wakati ule na mama wa watoto watatu, alikimbia mbio ndefu za London za kilomita 42 ili kuchangisha fedha kwa ajili ya afya ya akina mama na watoto wachanga. Ilimchukua muda wa saa saba hivi. Kutokana na kazi hiyo yalinunuliwa magari ya zahanati, yakapelekwa katika kaunti zetu. Basi hakuna mtu atakayesema kwamba mzazi akikimbia miguu yake yaenda bure.

Lakini, ndugu, kuna jambo ambalo mbio haziwezi kulinunua, na ndilo lililotufanya tushike kalamu. Jambo hilo ni siku.

Tufanye hesabu kama tulivyofundishwa shule ya misheni, kujumlisha na kutoa. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mama livu ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba wiki 2. Mwenzetu alichukua wiki zake 2 mara tu mtoto alipozaliwa. Zikaisha mtoto angali hospitali, na siku 30 zimebaki kabla ya kutoka. Akarudi kazini. Mchana alikuwa akifunga boliti za reli, jioni akipanda matatu kwenda hospitali, na usiku akirudi nyumbani kuwapikia watoto wakubwa wawili. Kosa moja katika kazi ya njia laweza kuangusha gari la moshi, na mtu asiyelala siku 30 ni mtu wa hatari kwake mwenyewe na kwa abiria. Jambo hili tajiri na alifikirie pia.

Mkewe naye ameajiriwa. Siku zake zilikuwa 90 hivi. Toa 44 za hospitali, zimebaki 46. Alipotakiwa kurudi kazini, mtoto alikuwa na umri wa siku 90 kwa kalenda. Lakini kama angalikaa tumboni mpaka wiki 40, kama watoto wengine, siku ile angalikuwa na umri wa wiki 3 tu. Twauliza, ni nani kati yetu angemwacha mtoto wa wiki 3 kwa jirani, aende kazini kutwa?

Tena yafaa wanachama wajue kwamba siku hizo si za kupumzika. Ni dawa. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Colombia, vitanda vya joto vilikuwa haba, na Daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwafunga watoto wadogo juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu abebavyo mwanawe. Joto la mama likafanya kazi ya mashine. Leo jambo hilo limethibitishwa. Katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2021, uliofanywa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, watoto wenye uzito mdogo walioanza kukumbatiwa hivyo mara walipozaliwa, walifariki 12 kati ya 100. Wale waliongojeshwa mpaka hali yao itulie, walifariki karibu 16 kati ya 100. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba mtoto wa namna hiyo akumbatiwe saa 8 hadi 24 kila siku.

Saa 8 kila siku, ndugu! Hiyo ni zamu nzima. Kifua cha mama hakina bei, na kifua cha baba chafaa vilevile. Lakini mwenye kifua akiwa kazini, dawa hiyo yatoka wapi? Twaweza kukimbia kila Jumapili na kununua kitanda baada ya kitanda, lakini hakuna kadi ya harambee iwezayo kumnunulia mtoto saa za mama yake. Saa hizo zimo mkononi mwa tajiri, na huzitoa kwa mapatano, si kwa huruma.

Twajua majibu yatakayotolewa. La kwanza watasema, jambo hili ni la watu wachache. Sivyo. Katika mwaka 2020 watoto wapatao milioni 13.4 ulimwenguni walizaliwa kabla ya wiki 37, yaani mmoja katika kila 10. Hesabuni watoto wa depo yenu muone.

La pili watasema, hakuna nchi iwezayo kulipa. Majirani zetu wa Tanzania huwaita watoto hawa njiti. Sikukuu ya Wafanyakazi ya 1 Mei 2024, serikali yao ilitangaza kwamba mama wa mtoto njiti ataongezewa wiki zilizopungua, kabla livu yake ya kawaida haijaanza kuhesabiwa, na mwaka 2025 nyongeza ya livu kwa mama huyo ikaingia katika sheria yao ya kazi. Uingereza nako, tangu Aprili 2025, wazazi ambao mtoto wao mchanga amelazwa wiki moja au zaidi waweza kupata livu ya nyongeza hadi wiki 12. Kama Dodoma wameweza, Nairobi ina ugonjwa gani?

La tatu litatoka kwetu wenyewe. Wako wanachama wasemao kwamba haya ni mambo ya wanawake, na kwamba chama kishughulike na mishahara na marupurupu tu. Ndugu hao twawaambia kwa heshima: aliyekimbia kilomita 21 alikuwa mwanamume. Na mshahara ni wa nini, kama si wa kumlea mtoto?

Kwa hivyo twapendekeza mambo matatu, na twaomba matawi yote yayajadili kabla chama hakijakaa tena na tajiri kwa mapatano mapya.

Kwanza, livu ya mama aliyezaa kabla ya siku zake ianze kuhesabiwa siku mtoto anapotoka hospitali. Siku alizolazwa ziwe mbali, kwa mshahara kamili.

Pili, baba naye aweze kuzigawa wiki zake 2, nyingine mtoto akiwa hospitali na nyingine akifika nyumbani, na aongezwe siku ikiwa mtoto angali amelazwa.

Tatu, baba huyo asipangwe zamu ya usiku wala kupelekwa kambi ya mbali mpaka mtoto atoke.

Hatuhitaji kungoja Bunge. Sheria imeweka kiwango cha chini tu. Haikukataza mapatano yaliyo bora kuliko hayo, na mapatano ndiyo kazi ya chama. Wakati huu, mwanachama aliyepatwa na jambo hili na aitunze barua ya hospitali ionyeshayo tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kutoka, ampe mwakilishi wake nakala. Tukiwa na barua 20 mezani, hakuna bwana atakayetuambia kwamba twasema hadithi.

Mwenzetu asema mwaka ujao atakimbia tena, na sisi tutasimama barabarani tena na shilingi zetu. Safari hii baadhi yetu tumeahidi kukimbia pamoja naye, ingawa matumbo yetu yatatuaibisha. Binti yake sasa atambaa, na juzi aliletwa depo akanyakua filimbi ya gadi akakataa kuirudisha. Twafurahi. Lakini mtu akimbiapo kwa hiari, hiyo ni sadaka. Akilazimika kukimbia kati ya reli na hospitali kwa sababu siku zake zimeisha, hiyo ni dhuluma. Sadaka tuitoe, na dhuluma tuiondoe.

Umoja ni nguvu.