Ada Kwanza, Hotuba Baadaye



Katika mkutano wetu uliopita tulikaa tangu Adhuhuri hata Alasiri tukijadili maana ya neno ushirika. Yalisemwa mengi, na mengine mazuri. Lilipofunguliwa daftari la ada, watu wakakumbuka kuwa wana safari. Hayo yametukumbusha habari za Samuel Gompers wa Marekani.

Bwana huyu alizaliwa London mwaka 1850, akahamia New York na wazee wake mwaka 1863, akawa msokotaji wa sigara. Katika karakana zao mmoja aliwasomea wenziwe vitabu na magazeti huku wao wakisokota, nao wakimtolea sigara katika mafungu yao asikose ujira. Hivyo Gompers alizisikia nadharia zote za wakati wake. Mwenzake wa kazi, Ferdinand Laurrell, alimwambia azisome, lakini kila moja aipime kwa kadi yake ya chama, na isiyopatana nayo aiache.

Mwaka 1877 wasokotaji wa New York waligoma, wakashindwa. Hoja walikuwa nazo tele. Fedha sandukuni hawakuwa nazo. Ndipo Gompers na Adolph Strasser wakapandisha ada, na wengi wakanung'unika. Lakini kufika mwaka 1880 chama chao kilikuwa kikimsaidia mgonjwa na wafiwa, na kumkopesha nauli aendaye kutafuta kazi mji mwingine. Gompers akaja kuongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi tangu 1886 hata kufa kwake mwaka 1924, ila mwaka mmoja tu.

Hatumsifu kwa yote. Aliunga mkono Wachina wafungiwe mlango wa nchi, na vibarua wasio na ufundi aliwajali kidogo. Vitendo navyo vyaweza kuwa vya dhulma.

Sisi ni wenye mashamba, wala hatumgomei mtu. Lakini sanduku tupu ni tupu kwetu kama kwao. Msimu uliopita mchumaji alianguka mkarafuuni katika shamba la mwenzetu, akavunjika paja. Tulichangishana papo hapo, na kilichopatikana hakikutosha hata gari la kumfikisha hospitali na kumrudisha. Mtu huyo ana watoto wanne, na mpaka leo hapandi.

Kamati yaomba ada iongezwe, na nyongeza iwekwe mbali kwa ajili ya wachumaji wanaoanguka. Majamvi ya kuanikia yatangoja. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo Jumapili, tutamsikiliza. Daftari litafunguliwa kabla ya hotuba.