Taarifa inapanda haraka, kushuka inasuasua
KUTOKA BUHA
Na Festo Bukuru

Basi la Kasulu kwenda Mwanza hupita Nyakanazi, na Nyakanazi iko Biharamulo. Kwa hiyo habari za ugonjwa wa Marburg zilipozuka Biharamulo Januari 2025, watu wa Nyakitonto, huku Kasulu, hawakuhitaji ramani kujua kwamba jambo linawahusu. Walihitaji kuambiwa tu. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani likasema kuna wagonjwa wanaoshukiwa na wengine wameshakufa. Siku iliyofuata Wizara ya Afya ikasema sampuli zimepimwa na hakuna Marburg. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Inawezekana kabisa majibu ya awali yalikuwa hasi na upimaji ukaendelea. Lakini abiria wa basi lile walikuwa wamekaa siku kadhaa na habari mbili zisizopatana, na hakuna daktari aliyekuja kuwaketisha chini akawaeleza.

Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inamtaka daktari aripoti magonjwa fulani ya kuambukiza, na inaruhusu mgonjwa atengwe. Hapo sina neno. Mwenye Marburg hawezi kudai haki ya kukaa siti ya dirishani. Ninacholalamikia ni kwamba taarifa hutoka zahanati, ikafika kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, mkoani hadi Dodoma, na mwenye mwili wenyewe akawa wa mwisho kujua.

Sisi Waha wa Buha tunalijua hili tangu zamani. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya Waingereza iliwatoa watu kwenye kaya zao zilizotawanyika, ikawakusanya kwenye makazi mapya kwa sababu ya malale. Hoja ya kitabibu ilikuwa na mashiko: mbung'o wanaoeneza malale hukaa vichakani, na watu wakikaa karibu karibu na kulima mashamba yanayopakana, vichaka huisha. Daktari George Maclean, aliyesimamia vita dhidi ya malale Tanganyika, aliipigania sana njia hiyo. Sibishani naye kuhusu mbung'o. Ila aliyehamishwa aliacha migomba na makaburi ya wazazi wake kwa amri ya watu ambao hawakuwahi kumuuliza lolote. Miaka ya sabini, enzi za vijiji vya ujamaa, Waha wakahamishwa tena, safari hii bila hata mbung'o wa kusingiziwa.

Wanaosema daktari lazima achague kati ya mgonjwa na jamii wamkumbuke daktari Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, Gulu, Uganda. Oktoba 2000 alikuwa masomoni Kampala, akaitwa arudi. Alisoma mafaili ya waliokufa, akashuku kuwa ni Ebola, na akaiarifu wizara bila kungoja majibu ya maabara. Baada ya hapo akarudi wodini. Alifariki kwa Ebola tarehe 5 Desemba mwaka huo huo. Kuiarifu serikali hakukumwondoa kando ya kitanda.

Kwetu mambo ni madogo kuliko hayo, lakini yanauma. Katika zahanati moja, sitaitaja, nilimsikia mhudumu akiita kutoka dirishani: "Wa TB wote, huku!" Mama mmoja akajifunika khanga hadi puani, akatazama nani kasikia, akabaki amekaa. Foleni ya wengine ikasogea, yeye hakuinuka. Mhudumu huyo pengine hujaza daftari lake la wilaya bila kukosea hata mstari. Mama yule asiporudi kuchukua dawa, daftari litamwita mtoro.

Jina la mgonjwa ni lake, libaki kwenye faili. Ugonjwa uliopo ni habari ya kijiji kizima, na kijiji kiambiwe, kwa Kiha inapobidi, na mtu anayekubali kuulizwa maswali. Wala haihitaji bajeti. Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria kila baada ya miezi mitatu. Mganga mfawidhi apewe nafasi ya kwanza kwenye ajenda, kabla ya michango ya madarasa, maana ikifika michango watu huanza kuondoka.