Jumba la Kumbukumbu Juu ya Makoro



Tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulilipuka, na lava ikashuka hadi Goma. Ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ikaliangamiza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, kisha ikaingia Ziwa Kivu. Mwezi uliofuata, katika eneo la Auvergne nchini Ufaransa, lilifunguliwa jumba la makumbusho ya volkano liitwalo Vulcania. Msanifu wake, Hans Hollein, alilizamisha kwa sehemu kubwa ndani ya mwamba wa lava, asitake lishindane na vilima vinavyolizunguka.

Volkano za Auvergne zimelala kwa maelfu ya miaka. Wa kwetu haulali: ulilipuka mwaka 1977, ukarudia 2002 na 2021. Ndiyo maana tunaona kwamba Goma inastahili jumba lake, lakini lisiwe nakala ya lile la Ufaransa. Sisi tunayajua mazuku, ile hewa nzito inayojikusanya mabondeni na mashimoni na kuua watu na wanyama bila kuonekana. Kwetu, kuchimba chini bila kupima hewa ni kuwachimbia wageni kaburi. Afadhali jumba la kimo kifupi, penye mwinuko, kuta zake zikiwa za makoro ambayo waashi wetu wanajua kuyapasua na kuyapanga, na sakafu yake ikiwa lava yenyewe, ilivyopoa.

Wako watakaouliza: Je, tujenge makumbusho hali mama zetu wanabeba vidumu vya maji kutoka ziwani? Swali hilo ni la haki. Ikiwa fedha ni zile zile, maji yatangulie. Hata hivyo, kumbukumbu nayo huokoa uhai. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa mwaka 2002. Nyumba mpya zimejengwa juu ya lava ya siku ile, na mtoto anayecheza uani hajui kwamba chini ya miguu yake kuna mtaa mzima. Asiyejua moto ulipita wapi atakimbilia wapi usiku utakaporudi?

Huko Heimaey, kisiwa cha Iceland, nyumba iliyofukiwa na mlipuko wa 1973 ilifukuliwa, na mwaka 2014 jumba la Eldheimar likafunguliwa likiizunguka. Lakini kabla ya kufukua, lazima awepo anayekumbuka nyumba ilisimama wapi.

Basi kazi hiyo haingoji fedha. Kila kikundi kiwaendee wazee wa mtaa wake, kiandike njia ya lava, nyumba zilizozama na barabara zilizowaokoa watu. Siku mawe yatakapopangwa, jumba lisikose cha kusema.