Nani atavaa sare ya askari?

Ulaya wapo watu wanaoshona sare za mwaka 1815 na kurudia vita vya Waterloo uwanjani, tangu ujana hadi uzee wao. Kwetu si jambo geni. Ngoma ya beni ilianza pwani, Lamu na Mombasa, ikaenea Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza: vyama vya Marini na Arinoti vikishindana kwa gwaride, tarumbeta na vyeo vya kijeshi, na chama kikimfaa mwanachama hata kwenye mazishi. Sisi wa Ifakara tuna kisa kizito zaidi. Tarehe 30 Agosti 1905, katika vita vya Maji Maji, Wapogoro na Wambunga walilivamia boma la Wajerumani Mahenge, ng'ambo ya mto tunaouvuka leo kwa daraja, wakiamini dawa ya maji itawakinga na risasi. Walipokewa na bombomu, bunduki za rashasha, na wengi wakaanguka. Songea huwakumbuka mashujaa wake wa vita hivyo kila tarehe 27 Februari. Nami natamani bonde letu liwe na kikundi cha kuigiza siku ile ya Mahenge, ambacho kijana angejiunga nacho akazeeka nacho. Kinachonisumbua ni nafasi ya askari, maana waliopiga risasi kwa amri ya Mjerumani walikuwa Waafrika pia. Sare hiyo lazima ivaliwe, na ivaliwe kwa zamu, mwaka huu mimi, mwakani jirani yangu. Wa kwanza wa kuwauliza ni wazee wa Mahenge, kabla hatujashona chochote.