Kufomati si dawa, ni uvivu

Wasee, hii story ya "hapo ni kufomati tu" imetosha. Ulinzi wa kompyuta yako umezimika, unaipeleka kwa fundi, hata hajaifungua vizuri ashakwambia ni kufomati, lipa, urudi jioni. Unarudi jioni unapata mashini safi kama imetoka dukani. Safi kabisa! Projekti ya mwaka wa nne haiko. Picha za harusi ya dada yako haziko. Ile video ya cucu akiimba kabla atuache, haiko. Na umelipa.

Mara nyingi hakukuwa na haja. Microsoft Defender ni sehemu ya Windows yenyewe, na imekuwa antivairasi kamili ya mfumo huo tangu Windows 8 ya 2012. Hainunuliwi na haiishi muda. Ikizimika, swali la kwanza la fundi anayejua kazi ni moja: nani aliizima?

Na hapa tuambiane ukweli, mara nyingi ni sisi. Unataka gemu ya bure ama programu ya kuediti video bila kulipa. Unadownload, maagizo yanasema "zima antivairasi kwanza." Na unazima! Hebu fikiria mtu akuje kwa nyumba yenu usiku aseme, "Nafungua duka hapa ndani, lakini kwanza fukuza soja wa geti." Ungemfungulia?

Kuna familia ya virusi inaitwa STOP/Djvu. Inafunga faili zako kisha inadai pesa, na njia yake kubwa ya kuingia imekuwa hizo programu zilizokrakiwa. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa dawa ya bure ya aina 148 za hiyo kitu. Aina 148! Na hata hiyo dawa haikufungua kila faili. Wengine hawafungi chochote, wanabeba tu kimyakimya nenosiri zote ulizohifadhi kwa brauza, halafu unaamka unapata chaneli yako inauza sarafu za kidijitali.

Sasa, kabla mtu akufomatie, jaribu hii.

Kwanza nakili faili zako kwa diski ya nje. Hati, picha, video, sauti. Usinakili zile programu za kuinstall, hizo ndizo huenda zilileta shida.

Pili, angalia kama kuna antivairasi nyingine. Defender hujiondoa yenyewe ikiona mwenzake kazini. Laptop nyingi huja na antivairasi ya majaribio, muda unaisha, inabaki hapo kama askari aliyelala. Iondoe, zima uwashe, na kwa kawaida Defender itaamka.

Tatu, fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, kisha Manage settings. Washa Real-time protection na Tamper Protection. Usitoke hapo bado! Shuka hadi Exclusions. Hiyo ni orodha ya mahali Defender imeambiwa isiangalie, na programu nyingi za kukraki hujiandika hapo. Ukipata diski C yote imeandikwa, soja wako alikuwa macho lakini amefungwa kitambaa. Futa kila kitu ambacho hukuweka wewe.

Nne, endesha Microsoft Defender Offline. Mashini itajizima na kuwaka, ikague kabla Windows yenyewe iamke, mahali virusi haina pa kujificha kirahisi. Huchukua kama dakika 15.

Ukiona swichi imekataa na imeandikwa inasimamiwa na msimamizi, na kompyuta ni yako, si ya shule wala ya kazi, basi kuna kitu kilibadilisha sheria ndani ya mfumo. Hapo ndio unahitaji fundi wa kweli, ama utumie Reset this PC na uchague Keep my files. Programu ulizoinstall zitaenda, lakini faili zako za kibinafsi zinabaki. Kabla ubonyeze, hakikisha uko na ile recovery key ya BitLocker kama diski imefungwa kwa siri, na ile nakala ya hatua ya kwanza iko salama. Usiamini kitufe kuliko nakala.

Najua mtaniambia Defender inafanya mashini iwe pole. Kwa laptop ya zamani yenye RAM kidogo, ni kweli utaisikia ikikagua. Lakini ile programu iliyokrakiwa inayochimba sarafu za mtu mwingine na stima yako, hiyo mnadhani ni nyepesi? Mtaniambia pia hamna doo ya kununua programu. Sawa, lakini LibreOffice ni bure. GIMP ni bure. DaVinci Resolve ina toleo la bure ambalo wengi wetu hatutawahi kulimaliza.

Na sisemi kufomati ni dhambi. Kuna mashini zimeoza hadi huwezi amini chochote ndani yake, na hapo kufuta kila kitu ndio busara. Lakini hata nyumba ikiungua, watu huanza na watoto. Faili zinatolewa kwanza, ndio mengine yafuate.

Kwa hivyo ukienda kwa fundi, muulize mawili kabla utoe shilingi: "Umejaribu nini kabla ya kufomati?" na "Faili zangu utaziweka wapi?" Akikosa jibu, chukua mashini yako uende. Kibanda cha fundi hakikosekani. Video ya cucu ni moja.