Kidonda kimepona, mbona bado inauma?

Msomaji wangu, wiki hii nazungumza na mama wa Rungwe aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani. Mshono umefunga vizuri, majirani wamekuja na ndizi na maziwa, wamemshukuru Mungu. Lakini usiku kwapani panawaka kama pilipili, hata khanga ikimgusa anashtuka. Mume anauliza, "Si umepona wewe?" Mama ananyamaza, akihofu ugonjwa umerudi.

Mara nyingi siyo saratani. Kwapani hupita mshipa wa fahamu unaopeleka hisia kwenye ngozi ya ndani ya mkono. Tezi za kwapani zinapotolewa, mshipa huo unaweza kuvutwa au kukatwa. Maumivu yakipita miezi 3 huitwa sugu, na wanaoyapata ni wengi.

Kinga huanza kabla ya kisu. Mwambie daktari kama una maumivu mengine ya muda mrefu. Muulize kama ni lazima tezi zote zitolewe. Muulize mtaalamu wa usingizi kama inawezekana kuongezewa sindano ya ganzi ya kifuani.

Baada ya upasuaji usijikaze kisabuni. Mwenye maumivu makali siku za mwanzo ndiye aliye katika hatari zaidi ya kubaki nayo. Sema, na unywe dawa kwa saa ulizopangiwa.

Mkono nao usiufungie kifuani. Daktari akiruhusu, anza taratibu: chana nywele, pandisha vidole ukutani kidogo kidogo kila siku. Ila mkungu wa ndizi, ndoo ya maji na kapu la chai waachie wengine kwanza.

Yakiendelea, usichanjwe wala kukandwa kwa maji ya moto. Ngozi yenye ganzi huungua bila wewe kujua. Rudi Makandana au Igogwe, na ikibidi upewe rufaa ya Mbeya. Zipo dawa za mishipa ya fahamu, kama amitriptilini, ambazo daktari huanza kwa dozi ndogo. Ukiona uvimbe mpya, mkono kuvimba au homa, usingoje tarehe ya kliniki.

Nawe baba, mkeo hadeki. Mshono unauona, mshipa huuoni. Wiki hizi beba ndoo wewe, na siku ya kliniki mfuatane.